Michi Miwili Juu: Mjadala wa Picha ya Kijiji, Titye

Picha inayobishaniwa hapa ni ya aina ambayo msomaji ameshaiona, kama si Dar es Salaam basi ukutani kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam. Ni kipande cha hadibodi, futi mbili kwa mbili, kilichopakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Nyumba za nyasi zimezunguka uwanja. Kuna mbuyu mmoja mnene. Kuna wanawake sita: wawili wanatwanga kinu kimoja, mmoja anatoka kisimani na mtungi kichwani, mmoja anapepeta, mmoja amepiga magoti mbele ya mafiga, na wa sita analima, mtoto mgongoni. Wanaume watatu wameketi chini ya mbuyu na kibuyu cha pombe. Wa nne yuko juu ya baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Kuku wamejaa kila pembe iliyobaki wazi, maana wachoraji hawa hawapendi pengo.

Mjadala nimeupanga mimi, na wasemaji hawana majina kwa kuwa kila mmoja anasemea wengi. Mama ni mkulima wa Titye, wilayani Kasulu. Fundi hufyatua na kuchoma tofali. Mchoraji ni kijana anayeandika mabango ya saluni na maduka Kasulu mjini. Mwalimu amestaafu, alikuwa akifundisha historia, na tabia hiyo haijamtoka.

MAMA: Kabla hamjaanza maneno makubwa, niambieni. Hawa wawili wanatwanga nini?

MCHORAJI: Mahindi, shangazi. Au muhogo.

MAMA: Hawatwangi kitu. Itazame michi. Yote miwili iko juu. Mkiwa wawili kwenye kinu kimoja, wako ukipanda wa mwenzako unashuka, la sivyo mtagongana, na mtu aliye bondeni hatasikia ule mdundo wa kupokezana. Hapa kinu kimekaa bure. Aliyechora hajawahi kushika mchi.

MCHORAJI: Pengine alishika. Ila mchi ukiwa ndani ya kinu unaonekana nusu, na mteja anataka kuona mchi mzima. Mimi nikichora kinyozi kwenye bango, mashine haigusi kichwa. Naiacha hewani kidogo ili ijulikane ni mashine. Hakuna aliyewahi kuniambia kinyozi wako hanyoi.

MAMA: Kwa sababu wanaotazama bango lako wanataka kunyolewa, hawataki kunyoa.

Jibu hilo lilimnyamazisha Mchoraji kwa muda, na mimi naona lina uzito kuliko linavyosikika. Picha za watu waliojifundisha wenyewe kuchora husifiwa kwa uaminifu: eti mchoraji hakupita chuo, basi anachora anachokijua. Lakini kukijua kitu kwa macho ni tofauti na kukijua kwa mabega, na tofauti hiyo huonekana kwenye picha, mahali mchi ulipo, mahali mkono unaposhika mpini. Mtu wa makumbusho anaweza kuitazama picha hii mwaka mzima asiione michi. Mama aliiona kabla hajakaa.

MWALIMU: Naomba tumjue kwanza aliyeanzisha aina hii ya picha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini kabisa. Hakusomea uchoraji popote. Akaenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza, akahangaika na vibarua vya hapa na pale. Kuchora alianza 1968 hivi, picha zikiuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuwa wakiishi maeneo yale. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Kazi yote ile ni ya miaka kama minne. Yeye mwenyewe alichora zaidi wanyama na ndege. Hizi picha za vijiji vilivyojaa watu zilishamiri baadaye, mikononi mwa ndugu zake, wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi. Ushirika wao ulisajiliwa 1990.

FUNDI: Rudia hapo kwenye mkonge, mwalimu.

MWALIMU: Alikwenda Tanga, kwenye mkonge.

FUNDI: Babu yangu mzaa baba alikwenda hukohuko.

MWALIMU: Babu wa nani hapa hakwenda? Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kutafuta watu, SILABU, tangu 1944. Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala lao. Mtu anatoka huku milimani, anapanda treni ya reli ya kati, anafika Tanga anapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi yako haihesabiwi. Kadi ya siku 30 ilichukua wengine miezi miwili kujaa.

FUNDI: Basi nionyesheni mkonge kwenye picha hii.

Haupo, bila shaka. Na hapa ndipo mjadala ulipoacha kuwa wa michi peke yake.

FUNDI: Ninachouliza ni hiki. Mwenye mtindo alikuwa manamba, kibarua wa mkonge. Waliomfuata walitoka Tunduru kwenda Dar es Salaam kutafuta pesa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiishi kijijini siku alipochora kijiji. Halafu mnachora wanaume watatu chini ya mti, wanakunywa, wanawake wanahangaika. Mnanitukana mimi. Wanaume wengine wako wapi?

MAMA: Wamelala ndani.

FUNDI: Wamekwenda kazini! Wako Tanga kwenye mkonge, wako ziwani kwenye dagaa, wako Dar es Salaam wanachora picha. Mwanaume anayekosekana hapa ni huyuhuyu aliyeshika brashi.

MWALIMU: Fundi, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa maksi zote.

Mimi pia. Tukiisoma hivyo, picha ya kijiji inageuka. Inakuwa nyumbani panapotazamwa na mtu aliyepaacha ili apate ujira, na kazi iliyofutwa ni ile iliyomwondoa. Nyumba nzima nzima, wanawake sita wenye afya, kuku wasiohesabika: hivyo ndivyo mtu aliye mbali anavyotaka kuamini mambo yanakwenda. Nilikuwa tayari kuufunga mjadala hapo. Mchoraji alikataa.

MCHORAJI: Mwalimu, na wewe mwandishi, mnampa mtu huzuni ambayo labda hana. Aliyechora hii anaweza kuwa amezaliwa Dar es Salaam. Alikaa benchi moja na mwenzake, akaona mwenzake kauza picha yenye kinu na mbuyu, naye akachora kinu na mbuyu. Wiki ijayo atachora simba. Kazi ni kazi. Mimi nimechora meli kwenye ukuta wa mgahawa na sijawahi kupanda meli.

MWALIMU: Na huyo wa kwanza aliyeanza kuchora kinu?

MCHORAJI: Huyo sijui. Lakini kuna kitu nakiona humu ambacho nyie wote hamkioni. Mnatafuta kazi iliyochorwa. Itazameni kazi ya kuchora. Anga hii imetoka manjano ikaingia nyekundu bila mstari. Rangi ya mafuta haikupi nafasi ya kujifikiria: unapaka rangi mbili, unazivuta zikutane zikiwa mbichi, basi. Ukichelewa inashika, brashi inaacha mikwaruzo. Ukishamaliza unaweka kando mpaka ikauke, labda kesho. Ndipo unaingiza nyumba na watu. Unasubiri tena. Ndipo mistari na vidoti. Ukikimbilia vidoti, nyeupe inazama kwenye nyekundu unapata waridi ambayo hukuitaka. Tazama kanga ya huyu anayepepeta: vidoti vyote vimekaa, hakuna kilichochuruzika. Huyu mtu ana mkono. Michi hajui, lakini rangi anaijua.

MAMA: Hapo umesema.

FUNDI: Na kibao?

MCHORAJI: Hadibodi. Ile ya kuwekea silingi. Ubao mmoja ni futi nne kwa nane, ukiukata vizuri unapata vipande vinane vya mbili kwa mbili, hakibaki hata chakavu. Ndiyo maana picha za zamani nyingi ni mraba. Wenzetu sasa wanatumia zaidi kitambaa, maana mtalii anakunja, anaweka kwenye begi la ndege. Rangi ni ya makopo, ileile ya kupakia baiskeli, mageti na milango.

FUNDI: Hadibodi inatengenezwa na nini hasa? Nimezipigilia misumari miaka yote sijauliza.

MWALIMU: Mabaki ya mbao. Aliyeibuni ni Mmarekani, William Mason, mwaka 1924, mji wa Laurel huko Mississippi. Viwanda vya mbao vilikuwa vikichoma mabaki. Yeye akayapasua kwa mvuke na kuyakandamiza mpaka yakawa ubao. Na Marekani hukohuko kulikuwa na bibi mmoja, Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima, aliyeanza kuchora kwa bidii akiwa ameshapita miaka 70. Alikufa 1961 akiwa na miaka 101. Naye alichora juu ya hadibodi, akiipaka kwanza rangi nyeupe. Bibi huyo alianza kutumikia nyumba za watu akiwa na miaka 12. Alichora watu wakikinga utomvu wa mti, wakibeba ndoo, wakichemsha mpaka ipatikane sukari, hatua zote ndani ya ubao mmoja.

MAMA: Huyo alifanya kazi hizo mwenyewe?

MWALIMU: Aliishi shambani karibu maisha yake yote.

MAMA: Basi michi yake ingekuwa sawa.

FUNDI: Turudi kwenye baiskeli. Huyu jamaa amepanda. Magunia mawili ya mkaa, halafu amekaa kwenye kiti anakanyaga, anatabasamu. Anakwenda wapi? Mzigo ule haupandwi kwenye milima yetu. Unasukuma. Unafunga fimbo kwenye usukani upande wako ili uongoze ukiwa umesimama mbali kidogo, mkono wa pili unaushika mzigo kwa nyuma, unaegemea. Mteremko ni mbaya kuliko mlima, maana sasa unavuta kurudi nyuma na vidole vya miguu vinachimba barabara. Hata fimbo haipo.

MCHORAJI: Fimbo ingekata mstari wa gurudumu.

FUNDI: Fimbo ndiyo kazi!

MCHORAJI: Haya. Lakini chukua na hii uondoke nayo: baiskeli ndicho kitu pekee humu ndani kilichopakwa rangi yake ya kweli.

Fundi alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa kidole, karibu aguse ubao.

MAMA: Wanawake sita, sivyo? Anayeteka maji, ni alfajiri. Anayelima, jua halijawa kali. Wanaotwanga na huyu wa kupepeta, mchana. Wa mafigani, jioni. Sasa jua liko wapi? Hakuna kivuli hata cha kuku. Watu wote wanafanya kazi za saa zote kwa wakati mmoja.

MCHORAJI: Sisi hatuchori vivuli, shangazi.

MAMA: Sikulaumu. Nasema hivi: hawa si sita. Huyu ni mmoja. Mtoto wa mgongoni ni wake, maji ni yake, na unga anaopepeta ndio atakaopikia. Amemgawa mwanamke mmoja akawa sita, akampa kila mmoja kanga yake. Ndiyo maana wanaonekana hawajachoka. Angemchora yuleyule mara sita, kanga ileile, mngeona kijiji kingine.

Sijui kama wakosoaji wa sanaa wamewahi kulisema hilo kuhusu picha hizi, na sidhani kama ninahitaji kujua. Wachoraji wa kale, hata wa makanisa ya Ethiopia, wamekuwa wakimrudia mtu yuleyule ndani ya picha moja ili hadithi yake iende mbele. Picha yetu imefanya kinyume chake, imemtawanya. Kazi ya siku nzima ya mtu mmoja imekuwa furaha ya umati. Na umati unapendeza ukutani.

MAMA: Na mlima je? Pako tambarare kama uwanja wa mpira. Huku kwetu watu wanakaa juu, maji yako chini. Kushuka na chombo kitupu si kitu. Kupanda kimejaa ndiyo maji yenyewe. Huyu hapa anatembea kama anakwenda harusini.

MWALIMU: Tunduru si milima kama hii, Mama.

MAMA: Basi wasiandike kijiji. Waandike kijiji cha Tunduru.

MWALIMU: Hata neno lenyewe kwa upande wetu lina deni. Nyumba zimezunguka uwanja. Waha, watu wa huku, hawakukaa hivyo. Kila mtu alikaa kwenye migomba yake, mbali na jirani. Vijiji vya nyumba zilizopangwa kando ya barabara vililetwa na Operesheni Kigoma, 1972, mwaka uleule aliokufa Tingatinga. Watu walihamishwa, wakaacha migomba imekomaa, wakaanza kukata miti na nyasi upya. Kujenga kijiji kulikuwa kazi ngumu kuliko zote zilizo humu, na haimo.

FUNDI: Na sasa nyasi zenyewe hakuna anayezitaka. Watu wanataka tofali za kuchoma na bati. Picha hii haina bati hata moja. Haina tanuru. Udongo unaukanyaga kwa miguu, unajaza kalibu, unaanika, unapanga tanuru, unakesha na moto. Mimi simo, na matope yangu hayamo.

MCHORAJI: Mtalii hanunui bati.

MWALIMU: Wako walionunua mengine. Wakongo wa Lubumbashi walikuwa wanachora kwa ajili ya sebule za kwao. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia yote ya nchi yake katika miaka ya 1970, picha zaidi ya 100, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Wale hawakuwa na hadibodi. Wengi walichora juu ya magunia ya unga. Picha iliyopendwa sana kule iliitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, afisa Mbelgiji anatazama. Watu wa kawaida waliitundika sebuleni.

MAMA: Sebuleni? Watoto wanakula wakitazama mtu anapigwa?

MWALIMU: Ndiyo. Ilikuwa kumbukumbu yao. Kazi kule ina msimamizi, unamwona na kofia yake.

FUNDI: Hapa msimamizi hayuko.

MAMA: Wala kibarua. Wakati wa kupalilia maharage naweka watu, nawalipa kwa ngwe, tunagombana kuhusu ngwe. Humu hakuna anayelipa wala anayelipwa.

MCHORAJI: Aliyelipa yuko nje ya picha, ameishika mkononi.

Ningependa kusema upande mmoja ulishinda, lakini nikiwa mkweli naegemea kwa Mama na Mchoraji kwa pamoja, ingawa hawakubaliani. Mama anasoma kazi iliyochorwa na kukuta imekosewa karibu kila mahali: michi, mlima, saa za siku. Mchoraji anasoma kazi ya kuchora na kukuta haina kosa. Anayetaka kujua watu wanavyotwanga asiitumie picha hii kama ushahidi. Anayetaka kujua mtu wa kusini aliyefika Dar es Salaam bila cheti aliwezaje kula, ushahidi wake ni huu, umekatwa futi mbili kwa mbili bila kubakiza chakavu. Hoja ya Fundi kuhusu mwanaume asiyekuwepo naiweka katikati. Ni hoja nzuri kiasi kwamba naiogopa kidogo. Hoja nzuri namna hiyo huweza kumsemea mchoraji ambaye hakuulizwa.

Walipokuwa wakinyanyuka, Mama alimshika kijana mkono.

MAMA: Nichoree mimi ya kwangu. Mwanamke mmoja mara sita. Na mlima.

MCHORAJI: Mlima utakula kijani nyingi, shangazi. Na ubao sina.

FUNDI: Kipande cha bati ninacho, kilibaki kwenye paa la mtu.

MCHORAJI: Bati linafaa. Lipigwe msasa kwanza, lipakwe rangi ya chini, la sivyo itabanduka. Hivyo ni vifaa. Ufundi una bei yake.

MAMA: Ufundi nitakulipa maharage. Nusu debe.

MCHORAJI: Nusu debe kwa watu sita?

MAMA: Mtu mmoja, nimekwambia. Unamchora mara moja, waliobaki unanakili.

MCHORAJI: Kunakili ndiyo kazi yenyewe. Debe zima.

MAMA: Debe, lakini wa jioni asifanane na wa asubuhi. Mabega yashuke.

MCHORAJI: Mabega ni robo debe juu yake.